Namba za Penseli

Mgongo ulimwonya asubuhi ile. Ulimwambia waziwazi, kwa lugha ambayo migongo ya miaka arobaini na tisa huijua vizuri, kwamba kuinama chini ya kitanda si kazi ya mtu aliyemaliza nusu ya maisha yake akirushwarushwa ndani ya gari la mashindano. Lakini Breki hakuwa mtu wa kuonywa. Aliinama, akaguna, akalivuta sanduku la bati la mke wake mpaka kwenye mwanga wa dirisha.

Jina hilo la Breki alipewa na mashabiki akiwa kijana, kwa utani, kama mtu mfupi anavyoitwa Twiga. Hakuwa nazo. Wenzake walipokanyaga breki, yeye alikanyaga mafuta, na watu waliosimama kando ya njia walifumba macho kwanza ndipo wakashangilia. Siku hizi vijana waliolitamka jina hilo hawakujua kuwa ni utani. Walidhani ameitwa hivyo kwa sababu ya mwendo wake, na hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Alikuwa akitafuta daftari. Mbio za Jumamosi, za kufunga msimu, zilirudishwa kwenye njia ya miaka mitatu nyuma, ile yenye daraja la mawe, naye, ingawa walikwisha kuipitia upya wiki hiyo, alitaka kujikumbusha alivyoiita zamani. Mke wake alikuwa amepeleka helmeti zao kwa waandaaji zikaguliwe. Madaftari yote yalikaa katika sanduku lake, na kwa miaka kumi na tisa Breki hakuwahi kulifungua. Hakukatazwa na mtu. Mwenye kinywa cha kumsomea alikuwapo, ya nini ajisomee?

Maana hivyo ndivyo kazi yao ilivyokuwa. Siku chache kabla ya mbio, dereva na msoma noti huipitia njia nzima polepole. Dereva huitazama kila kona na kuipa namba, msoma noti huandika. Moja ni kona ya kugeuka mpaka uone mkia wa gari lako mwenyewe. Sita ni kona ya jina tu, mguu huutoi kwenye mafuta. "Usikate" ni onyo la kutopita ndani ya kona. Siku ya mbio, vumbi likishatanda na moyo ukishapanda kooni, dereva hana muda wa kubahatisha. Anasikiliza. Kile anachoambiwa sikioni ndicho barabara.

Watu walisema Breki alioa sauti kabla hajaoa mwanamke, na hawakusema uongo. Msoma noti wake wa zamani aliugua ghafla, akaletewa msichana mmoja mwembamba asiyemjua, na ndani ya helmeti akasikia, "Kushoto mbili, taratibu, taratibu, sasa nenda." Walipofika mwisho alimwomba asome tena ule ukurasa. "Mbio zimekwisha," msichana alisema. "Najua," alisema Breki. "Soma tu." Tangu siku hiyo akamwita Sauti.

Mama yake Breki alikataa. "Mwanamke anayekuelekeza barabarani," alisema, "nyumbani si atakupigia filimbi?" Alikataa mwaka mzima, mpaka siku aliyomshika Sauti mikono yote miwili na kumwambia, "Nirudishie mwanangu mzima kila Jumapili. Ukifanya hivyo, mimi na wewe hatuna neno." Sauti aliitikia, naye hakuwa mtu wa kuitikia ovyo.

Daftari lilikuwa la tatu kutoka juu. Breki alilinyoosha mbali kwa urefu wa mkono, akalirudisha karibu, akalinyoosha tena, akauona ukurasa wa daraja la mawe. *Kulia 4, daraja, usikate.* Wino mweusi, mwandiko wa mke wake, maneno ya Breki mwenyewe. Alikumbuka hata jinsi alivyoyasema, maana Sauti alimuuliza "una hakika?" naye akamjibu kwa ukali kidogo. Lakini pembeni mwa ile nne, kwa penseli, ndogo kama kitu kinachoona haya, palikuwa na tatu.

Alifungua ukurasa mwingine. Kulia tano, penseli nne. Kulia tatu, penseli mbili. Akachukua daftari lililofuata, na lililofuata hilo. Miaka mitatu ya mbio, na kila mahali ile penseli ilikuwa imemshushia namba moja. Kisha akaona kwamba kona za kushoto hazikuguswa hata moja, na hapo alilifunga daftari haraka kama kitu kilichomuunguza vidole.

Mwezi uliopita tu alihojiwa redioni. Waliuliza anawezaje, umri ule, kuingia kona kwa utulivu namna ile. Alicheka akasema kona zimemzoea, siku hizi zinamfungukia zenyewe. Matokeo mabovu alisema ni ya gari. Na kweli zilimfungukia! Kila alipojiandaa kwa tatu, barabara ilimpa nne, naye akaita ustadi.

Sauti aliingia saa nne na nusu, helmeti moja kila kwapa.

"Baba watoto, wametupitisha," alianza kabla hajafika sebuleni. "Yako wameubishia ule mkanda wa kidevu, nikawaambia huo mkanda una nguvu kuliko shingo za…"

Aliyaona madaftari mezani. Sita, yamepangwa, yamefunguliwa. Mume wake amekaa nyuma ya meza kama hakimu.

"Kaa," alisema Breki.

"Nimesimama."

"Basi soma ukiwa umesimama. Daraja la mawe. Soma wino, kisha usome penseli."

Aliziweka helmeti kwenye kochi, moja kisha nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayelaza watoto. Akalichukua daftari.

"Kulia nne, daraja, usikate."

Ilikuwa sauti ile ile, tulivu, ya chini, ambayo ilimpitisha Breki katika matope, ukungu na giza la vumbi. Alichukia kuona kwamba hata sasa ilimpoza.

"Na penseli?"

"Tatu."

"Nani alisema tatu?"

"Mimi."

"Na dereva nani?"

"Wewe."

"Haya. Sasa niambie mimi nilikuwa naendesha nini miaka mitatu hii, maana barabara haikuwa."

Sauti alilirudisha daftari mezani. Hakujitetea upesi, na huko kutojitetea kulimchoma Breki zaidi. Mwizi anayekimbia angalau anakubali kwamba kuna mwenye mali.

"Ulikuwa unarudi nyumbani," alisema hatimaye. "Ndicho ulichokuwa unafanya."

"Usinipambie maneno! Nilisimama redioni nikawaambia watu kona zinanifungukia. Na wewe umekaa pembeni yangu. Ukanishika mkono!"

"Nilikushika kwa sababu machozi yangu yalikuwa karibu."

"Ulikuwa unanicheka."

"Kukuchoka nimekuchoka, mume wangu. Kukucheka bado."

"Ungeniambia! Mdomo si unao? Mdomo ndio kazi yako!"

"Nilikuambia." Sasa sauti ilipanda kidogo, kidogo tu. "Tulipotumbukia na gari kwenye mtaro ule miaka mitatu iliyopita, hospitali, wewe umefungwa shingo, mimi mbavu mbili zimevunjika. Nikakwambia, baba watoto, tupumzike, inatosha. Ukanijibu nini?"

Breki alitazama dirishani. Alikumbuka vizuri sana.

"Ukaniambia siku utakayotoka kwenye kiti kile nitafute mume mwingine, kwa sababu wewe utakuwa maiti inayokula chakula."

"Yalikuwa maneno ya hasira."

"Hasira gani? Ulikuwa umelala, umetulia, unapuliza chai."

Alinyanyuka. Alitaka kuvunja kitu, na vitu vyote vilivyokuwa karibu walivinunua pamoja. Akabaki ameshika mgongo wa kiti.

"Unajua kinachoniuma?" alisema. "Si namba. Angenidanganya mtu mwingine yeyote ningesema sawa, dunia ndivyo ilivyo. Lakini wewe nilikuamini nikiwa sioni mbele. Ukisema geuka, nageuka. Sijawahi kukuuliza mara mbili, hata siku moja. Nani mwingine katika dunia hii nimempa kitu kama hicho? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilikuwa nimejifunika."

"Na kinachokufunika je? Hicho kipo wapi?"

"Wewe usinifanyie mafumbo!"

Hakuwahi kumwita *wewe* kwa namna hiyo. Alimwita Sauti ndani ya gari, mama watoto nyumbani, na majina mengine ambayo hayatuhusu. Sauti aliisikia.

"Haya, niulize unachotaka," alisema. "Leo nitajibu kila kitu."

"Kwa nini kushoto hukugusa?"

Swali lilimtoka kabla hajaliwahi. Sauti alimtazama, akamtazama, mpaka Breki ndiye aliyeinamisha uso.

"Hilo kweli unataka nilijibu mimi?" aliuliza polepole.

Breki alichukua funguo za gari dogo juu ya kabati. "Kaka yako alijua?"

Sauti alianza kuyafunga madaftari, moja moja.

"Nimekuuliza. Nati alijua?"

"Kamuulize. Amekungoja miaka mitatu uende ukamuulize."

Gereji ya Nati ilikuwa mitaa minne kutoka pale, nyuma ya duka la matairi. Njiani, kwenye makutano ya pili, mtu wa baiskeli alitokea upande wa kulia, na Breki alimwona alipokuwa tayari amepiga kofi boneti na kuanza kumtukana. Matusi yenyewe yalikuwa ya kawaida. Breki alimaliza mitaa iliyobaki kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Nati alikuwa chini ya pikapu, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Viatu hivyo navijua," ilisema miguu. "Shemeji, karibu."

"Toka huko chini."

"Miaka mitatu hujaja, dakika mbili zinakushinda?"

Alitoka, akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Mvi zilikuwa zimemjaa, na Breki alishangaa, maana alimwacha na nywele nyeusi. Walianza kazi pamoja wakiwa vijana wasio na hata jeki ya kwao. Aliitwa Nati kwa sababu mfuko wa ovaroli yake haukukosa nati mbili tatu za akiba.

"Umeyaona madaftari," alisema Nati.

"Kwa hiyo kweli ulijua."

"Nilijua kabla hajaandika hata moja. Kaa kwenye tairi hilo, halina grisi." Yeye mwenyewe aliegemea pikapu. "Ile siku ya mtaro, wewe ulitolewa kwenye gari, watu wamejaa, kamera zimejaa, ukasema nini?"

"Nati…"

"Ukasema fundi wako hajui kufunga breki. Mimi, shemeji. Mimi ambaye harusini kwako nilisimama nikakukabidhi dada yangu. Kesho yake nikarudi pale peke yangu, nikapima kwa hatua. Alama za matairi zimeanzia hatua kumi na moja baada ya lile jiwe jeupe ulipotakiwa kukanyaga. Na zimeshika sawasawa, magurudumu yote manne, za kupendeza kabisa. Breki zilikuwa nzima. Mguu ndio ulifika umechelewa."

Breki alilitazama tairi alilokalia. "Mbona hukusema?"

"Dada yangu alikuja akapiga magoti. Hapo hapo uliposimama ulipoingia, kwenye grisi, na bandeji zake za mbavu. Akasema, kaka, beba hili. Akijua ni mguu wake, atakwenda kuuthibitisha, na atauthibitishia pale pale mtaroni. Nikabeba. Mwaka mzima sikupata kazi ya maana. Nani atampa gari lake fundi asiyejua breki?"

"Wote mmenifanya mtoto."

"Mtoto tungemchapa, mambo yakaisha."

Breki alikuwa amekuja na hasira kamili, ya kutosha watu wawili, sasa akaitafuta asijue ameiangusha wapi. Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Alijiona kama mtu aliyealikwa karamuni akala, akaimba, akacheza, kisha akagundua kwamba wageni wote walikuwa wamelipwa kumpigia makofi.

"Nati," alisema kwa sauti ya chini, "dereva anatakiwa aache lini?"

"Wapo wanaotaja umri. Uongo mtupu. Nimemfungia gari mzee wa miaka hamsini na sita, mguu wake unawahi kuliko wa mwanawe. Mimi nasema dereva anaacha siku anapoanza kumlaumu fundi." Alikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Wewe ulianza zamani, shemeji."

Breki aliinuka. Alipofika mlangoni Nati akamwita.

"Lipo jambo moja silijui. Kwa nini anashusha za kulia peke yake? Nilimuuliza. Mimi ni kaka yake, tumelala kitanda kimoja utotoni, hajawahi kunificha kitu. Akaniambia, kaka, hiyo ni siri ya mume wangu, na yeye mwenyewe bado hajaniambia. Akishaniambia nitakuambia." Nati alijikuna kidevu akaacha alama nyeusi. "Sikumwelewa hata kidogo. Labda wewe utamwelewa."

Breki alimwelewa. Alirudi nyumbani kwa gia ya pili.

Gari la mashindano lilisimama uani chini ya paa la mabati, jeupe, na namba saba mlangoni. Sauti alikuwa amekaa ndani, kwenye kiti chake cha kushoto, mlango wazi. Ilikuwa desturi yao, kila Alhamisi kabla ya mbio, kuketi ndani ya gari lililozimwa na kuendesha njia nzima kwa mdomo: yeye akisoma, Breki akizungusha usukani na kukanyaga pedali hewani, kama watoto wanaocheza. Hata walipogombana hawakuwahi kuiruka Alhamisi.

Breki aliingia upande wake. Mapajani mwa Sauti palikuwa na daftari la Jumamosi hii na kifutio kilichobaki nusu, na gauni lote lilijaa chembechembe za kijivu.

"Nimefuta," alisema bila kugeuka. "Zote. Zilizobaki ni namba zako. Jumamosi nitakusomea kama ulivyosema wewe mwenyewe, sitashusha hata moja."

"Na darajani?"

"Wewe ulisema nne. Nitasoma nne."

"Hata ukijua siwezi?"

"Nitasoma nne."

"Tutakufa, Sauti."

"Labda. Nitakuwa hapa hapa pembeni yako. Sitakuachia mtu mwingine akusomee."

"Huo ni ukatili."

"Ni ukweli. Si ndio uliouvunjia nyumba asubuhi? Huu hapa." Alifungua ukurasa wa kwanza. "Shika usukani. Leo ni Alhamisi."

Breki alishika. Hakujua kwa nini alitii, ila miaka kumi na tisa haitoki mwilini kwa siku moja. Sauti akaanza. Kushoto tatu. Mikono ikazunguka, mguu ukashuka, sawasawa. Kushoto tano, mita mia, kushoto mbili. Sawasawa. Aliuhisi ujana ukimrudia vidoleni, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua.

"Kulia nne, daraja, usikate."

Mguu ulishuka. Sauti aliacha kusoma.

"Umeona ulichofanya?"

"Nimekanyaga."

"Kabla ya hapo. Umegeuza kichwa. Gari limezimwa, mbele yako ni ukuta wa jirani, lakini nikisema kulia unageuza kichwa kizima mpaka kidevu kiko begani. Kwanza kichwa, kisha mguu. Kushoto hugeuzi. Unafanya hivyo hata mezani nikiwa upande huo na kukupa chumvi."

Breki aliachia usukani.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Siku ya kupima macho kwa ajili ya leseni. Mlango haukufungwa vizuri, mimi nipo kwenye benchi. Daktari akakufunika jicho la kulia, ukasoma zile herufi za ukutani kwa la kushoto. Ulisoma kama mtu anayesoma, unasita hapa, unarudia pale. Akakufunika la kushoto. Ukazitaja zote kwa mkupuo mmoja, huku sauti yako ikipanda na kushuka kama noti." Alifunga daftari. "Daktari alifurahi. Lakini mimi kazi yangu ni hiyo, mume wangu. Mtu anayesoma na mtu aliyekariri siwezi kuwachanganya."

Mlango wa jirani ulifunguliwa, ukafungwa. Breki alikuwa akiitazama mikono yake.

"Nikajiambia, ataniambia tukifika nyumbani," Sauti aliendelea. "Hukusema. Nikasema, ataniambia kabla ya mbio, hawezi kunipandisha kwenye gari bila kuniambia. Ukanipandisha. Wiki saba nikangoja, kisha tukaingia mtaroni. Nikiwa nimelala pale na mbavu zangu nikasema, sasa ataniambia. Ukaniambia ni breki." Sasa machozi yalikuwa yakimshuka, naye hakuyafuta. "Unasema uliniamini ukiwa huoni mbele. Na mimi je? Mimi macho yangu yako kwenye karatasi, kichwa kimeinama, siioni barabara hata kidogo. Nilikuwa nimekaa pembeni ya nani? Wewe ulinisaliti kwanza. Mimi nilitumia penseli tu."

Ndipo Breki alipolia. Alilia vibaya, kama wanavyolia wanaume waliojizuia muda mrefu, mabega yakigonga kiti. Sauti hakumgusa. Alitaka kumgusa, mkono wake uliinuka mpaka nusu, akaurudisha kwenye daftari, kwa sababu alikuwa amengoja miaka mitatu na hakutaka kukatiza.

"Jicho langu la kulia halioni," alisema Breki. "Pembeni pote ni ukungu. Waliniambia kabla ya ile leseni. Wamesema halitarudi. Nilificha karatasi. Niliogopa. Siwezi kukuambia niliogopa nini, mama watoto. Niliogopa tu kwamba nikishuka humu ndani hutakuwa na kitu cha kunisomea."

Sauti alifumba macho.

"Asante," alisema.

"Sijakusamehe."

"Najua. Na mimi bado."

"Kaka yako uliwezaje kuniacha nimfanye vile?"

"Hilo sina jibu. Nikifa nitaulizwa."

Walikuwa wawili wenye kosa moja moja na ushahidi wote mkononi. Kisha Breki akajifuta uso kwa mkono wa shati, akakohoa kama anavyokohoa kabla ya kuipitia njia mpya.

"Fungua ukurasa mweupe," alisema. "Andika."

Sauti alichomoa penseli kwenye nywele zake.

"Si hiyo." Breki alitafuta kwenye mfuko wa mlango, akapata kalamu, akampa. "Andika kwa wino."

Akamtajia polepole, kama kona, akimpa nafasi ya kumalizia kila mstari. Sauti aliandika ameinamisha kichwa, na mara mbili alisimama ili ashushe pumzi. Alipomaliza, Breki aliegemeza kichwa kwenye kiti.

"Isome."

"'Kwa waandaaji wa mbio,'" alisoma Sauti. "'Mimi dereva wa gari namba saba sitashindana Jumamosi, wala siku nyingine. Gari ni zima. Breki zake ni nzima. Miaka mitatu iliyopita pia zilikuwa nzima, na fundi niliyemlaumu mbele ya watu hakukosea kitu. Mimi ndiye niliyechelewa. Jicho langu la kulia halioni na nililijua hilo. Msoma noti wangu hana kosa.'"

Breki alikuwa amesikiliza kila neno akingoja lile litakaloshushwa. Hakuna lililoshushwa. Hata lile la mwisho, ambalo Breki alijua lingemtia mke wake aibu na ambalo asubuhi asingelisema kwa kisu shingoni, Sauti alilisoma kama lilivyotamkwa.

"Hilo la mwisho si kweli," alisema Sauti.

"Wewe soma nilichosema."

Sauti akampa daftari na kalamu. Breki alilinyoosha mbali, akalirudisha karibu, akageuza kichwa kizima upande. Jua lilikuwa bado juu, lakini mistari ya daftari ilikuwa myembamba.

"Sahihi naweka wapi?"

Sauti aliweka kidole chake kwenye karatasi, na Breki akatia sahihi hapo.